Hadithi imeisha vizuri, mbona nalia mimi?

Kiti_cha_Nyuma — Jumapili, saa 6:40 usiku

Wakuu salama? Mie ni wa kusoma tu humu miaka yote, sijawahi kuanzisha uzi, ila leo limenishinda. Nina miaka 36, mzaliwa wa Mombasa, kazi niko Nairobi, mambo ya hesabu za watu. Wiki iliyopita kuna kijana pale ofisini alikuwa anacheka na simu yake mchana kutwa, nikamuuliza unasoma nini akanionesha Heartstopper, ile katuni ya Alice Oseman, wavulana wawili wa shule huko Uingereza, Charlie na Nick, wanapendana, mmoja anajijua mwengine ndio kwanza anajitafuta. Nikamwambia hiyo si ya rika langu. Usiku nikaifungua kwa udaku tu.

Nimemaliza vitabu viwili usiku mmoja na asubuhi nina kazi. Na wala hakuna kitu kinatokea humo ndani! Hafi mtu. Hakuna anayefukuzwa kwao. Wanacheza raga, wanacheza na mbwa kwenye theluji, wanaandika meseji wanafuta wanaandika tena. Halafu mwisho wa kitabu cha pili Nick anamwambia mamake, na yule mama anamkumbatia, halafu yeye mama ndiye anaomba radhi, kwamba samahani kama niliwahi kukufanya uone huwezi kuniambia.

Wakuu nililia. Si yale machozi ya kufuta na kidole, nililia kwikwi mpaka nikafungulia maji bafuni ili jirani asisikie, kuta za fleti hizi mnazijua.

Sasa niwape na upande wa pili. Kidato cha pili nilikuwa shule ya bweni, sitaitaja. Kulikuwa na mwenzangu mmoja tulikuwa tunatumia sanduku moja kwa sababu langu lilivunjwa kufuli muhula wa kwanza, kwa hiyo sabuni moja, kiwi moja, mkate wa Jumapili nusu kwa nusu. Hakuna kilichotokea naapa, hata mkono hatukushikana. Ila mie nilijua na nadhani naye alijua. Likizo ya Agosti nikamuandikia barua, ya kawaida tu habari za nyumbani na mpira, ila mlikuwa na mstari mmoja ambao haukuwa wa kawaida. Shule zilipofunguliwa barua ikaangukia kwa mwalimu wa zamu. Ikasomwa paredi, shule nzima imesimama juani. Yeye akahamishwa bweni, mie nikarudishiwa vitu vyangu kwenye mfuko wa plastiki, na toka siku ile sijamuandikia mtu kitu chochote zaidi ya ripoti za fedha. (Nadhani ndio maana nikapenda hesabu, tarakimu hata zikisomwa paredi hazina aibu.)

Swali langu ni hili, huzuni kama hii inaitwaje? Hadithi za majonzi nishazizoea, nikisoma mtu kajinyonga nafunga kitabu nalala usingizi wangu. Hii ya furaha ndiyo imenivunja. Niko kama nimefiwa halafu sijui maiti ni ya nani. Kuna mwengine?

---

Mzee_wa_Kazi — Jumatatu, saa 1:05 asubuhi

Miaka 36 unalilia katuni. Haya mambo ya kuiga Wazungu, mila zetu hazina hiyo kitu. Kanywe maji ulale.

---

BintiNgamiani — Jumatatu, saa 3:20 asubuhi

Mzee wa Kazi shikamoo, ungesoma uzi mpaka mwisho ungeona barua imeandikwa na mtoto wa Mombasa akiwa kidato cha pili, na hiyo katuni imeanza kutoka mtandaoni mwaka 2016. Piga hesabu. Aliiga kwa nani?

Kaka Kiti pole sana. Mimi iliyonivunja haikuwa ya Kizungu hata, ilikuwa ya jirani zetu hapo Kampala. Kuna hadithi fupi inaitwa Jambula Tree, kaandika Monica Arac de Nyeko, Mganda, ndiyo iliyochukua tuzo ya Caine, ile ya waandishi wa Afrika, mwaka 2007. Ni barua tupu. Anyango anamwandikia Sanyu ambaye alipelekwa London baada ya wao kuonwa usiku chini ya mti na jirani yao Mama Atim, yule jirani ambaye kila mtaa unaye, anayejua nani kalala wapi na nani kapika nini. Sasa Sanyu anarudi na Anyango anakumbuka yote tangu wakiwa vibinti.

Nimesoma neno jambula mara ishirini bila kujali, mpaka siku moja ndo nagundua jambula ni zambarau! Basi nikaishiwa. Maana kwetu Tanga msimu wa zambarau tulikuwa tunapanda juu huko tunakula mpaka ulimi unakuwa rangi ya wino, halafu mnatoleana ulimi muone nani kala nyingi, na mimi nilikuwa na shoga yangu mmoja tunakaa tawi moja. Nikisema shoga watu wa pwani mnanielewa, mwanamke akimwita mwenzie shoga hakuna anayegeuza shingo, ni rafiki wa kupeana siri na kushonesha sare. Neno hilohilo akiitwa mwanamume ni la kurushiwa mawe. Mimi na yule tulijificha ndani ya hilo neno miaka minne bila kujua kwamba tumejificha.

Halafu kuna kingine nimekiwaza sana. Kiswahili chetu hakisemi yeye ni wa kike au wa kiume. Mpenzi ni mpenzi. Kwenye taarab mwimbaji anamlilia wake usiku kucha na lugha haimlazimishi kusema ni nani, ndo mana harusini nilikuwa nimekaa na mama zangu nachezesha mabega kama kila mtu na kichwani mwangu nimeshamweka wangu pale. Hakuna aliyejua. Sasa kwa Kiingereza mwandishi lazima aseme. Nilipokuta imesemwa, binti na binti, kwenye karatasi, na jina la mtaa na jina la jirani, nilihisi kama mtu kawasha taa chumbani bila kubisha hodi. Kwanza nilitaka kujifunika. Kulia kulikuja baadaye.

Yule shoga yangu ana watoto watatu sasa. Tunatumiana picha za Idd.

---

Laini_ya_Pili — Jumatatu, saa 7:15 mchana

Binti hiyo hadithi ndiyo walitoa nayo filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, sijui kama unajua. Mi nilikuwa kwa foleni Septemba 2018. Kwa wale hawakumbuki, bodi ya filamu iliipiga marufuku Aprili, Mei ikaenda tamasha la filamu la Cannes kule Ufaransa ikawa filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kualikwa kwa ile orodha rasmi, dunia nzima inaiona sisi wenyewe haturuhusiwi, halafu Septemba korti ikasimamisha marufuku siku saba peke yake ndio iweze kushindania kwenda Oscar. Siku saba! Watu walitoka kazi wakadanganya bosi wako na homa, mi nikiwa mmoja wao.

Kena na Ziki, mababa wao wanapigania kiti kimoja cha siasa, mtaa wa rangi rangi, bodaboda, mama wa kibanda ambaye lazima aseme kitu. Nilikuwa na miaka 22 na sikuwa nimeona hata siku moja wasichana wawili wakiongea Kiswahili changu, na Sheng yangu, wakiangaliana vile. Mdomo ilikauka. Msee alikuwa kando yangu alikuwa amekuja na popcorn na hakuikula hata moja. Taa zikawashwa, watu wakabaki wamekaa tu, hakuna mtu anataka kuwa wa kwanza kutoka kwa mlango arudi nje kwa ile Nairobi ingine.

Lakini hii ndiyo nataka uskie Kiti. Kahiu alieleza wazi kwamba bodi ilitaka abadilishe mwisho, shida yao ni kwamba ulikuwa na matumaini mingi sana. Si busu, busu wangekata. Matumaini! Sasa jiulize kwa nini ya furaha ndiyo ilikutoa machozi. Hata wao wanajua hapo ndipo kuna moto.

---

Daftari_Jeusi — Jumatatu, saa 2:30 usiku

Laini umegusa penyewe na hili jambo ni la kale kuliko bodi yoyote ya Nairobi. E. M. Forster, yule Mwingereza, aliandika Maurice mwaka 1913 na 1914, kijana anakua, anasoma, anapenda, anaumizwa, halafu mwisho anampata mwenzie wanakwenda kuishi pamoja. Alikataa katakata kubadilisha huo mwisho. Akakifungia kitabu ndani maisha yake yote, kikatoka 1971, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Na kwenye maelezo aliyoyaacha anasema kitu cha kuchekesha na kuuma kwa pamoja, kwamba lau kingeishia na kijana ananing'inia kwenye kamba, kisingekuwa na tatizo lolote. Ilikuwa ni ile furaha tu.

Marekani vilevile. Mwaka 1952 Marijane Meaker kaandika Spring Fire kwa jina la bandia, wasichana wa chuo, na alisimulia baadaye kwamba mhariri alimwekea sharti mwisho usiwe mzuri, maana posta wangeweza kuvikamata vitabu njiani. Ukifa unapita. Ukipona unakamatwa.

Kwa hiyo Kiti, wewe na mimi tumelelewa na hadithi ambazo watu kama sisi tunakufa ukurasa wa mia mbili, mwili ukazoea, ukajifunza kujikaza kabla ya pigo. Sasa unasoma umejikaza, umejikaza, pigo haliji, mama wa watu anafungua mikono. Misuli iliyokazwa miaka ishirini ikiachia ghafla lazima itetemeke. Mimi hivyo ndivyo ninavyoielewa, si mtaalamu.

---

KalamuKavu — Jumatatu, saa 4:50 usiku

Mtanisamehe mimi hizi hadithi tamu nazichukia na mimi ni wa huko huko. Sawa Charlie kasumbuliwa na wahuni wa shule. Mimi niko Kenya, ambako kifungu cha 162 cha sheria ya jinai kinasema mapenzi kama yetu ni miaka 14 jela, na Mei 2019 mahakama kuu ikakaa ikasoma ikasema kifungu kibaki. Niliamka asubuhi ile nimevaa shati nzuri kabisa nikidhani tutasherehekea. Halafu mtu ananiletea katuni ina majani majani yanaruka hewani wakishikana mikono, nayaona yale majani nataka kutupa simu. Ni kama kumuonyesha mtu mwenye njaa tangazo la pilau.

Mimi nisomeeni Under the Udala Trees ya Chinelo Okparanta. Nigeria, vita ya Biafra, Ijeoma ni Mwigbo Mkristo, Amina ni Mhausa Mwislamu, wote vitoto vya vita. Wanakamatwa, halafu mama anamkalisha Ijeoma chini na Biblia siku baada ya siku anamtoa pepo kwa maswali na majibu. Hapo ndio nikasema huyu mwandishi amewahi kukaa sebule ya kwetu. Sikulia. Niliskia tu mtu amenishika bega. Mnaolia mnataka ndoto, mimi nataka shahidi.

---

Kiti_cha_Nyuma — Jumatatu, saa 5:10 usiku

Kalamu nimekusoma mara mbili. Shahidi ni neno zuri. Ila mie shahidi nishapata, shule nzima ilikuwepo paredi. Nilichokuwa sina ni ile siku ambayo barua imefika na hakuna aliyeisoma isipokuwa mwenyewe.

---

KalamuKavu — Jumatatu, saa 5:14 usiku

Hapo umenipiga. Sina jibu.

---

Bi_Mkubwa_Ughaibuni — Jumanne, saa 11 alfajiri

Assalam alaykum watoto wangu, nimeletewa huu uzi na mtu, nimejisajili kwa ajili yake tu, mkiona nimekosea kuandika mnivumilie miwani nimeisahau kazini.

Mie ni Mzanzibari, niko Uingereza mwaka wa kumi na tisa, nahudumia wazee usiku. Nna mwanangu wa kiume, alikuwa na kumi na tano wakati huo. Siku moja nimerudi asubuhi nakuta kitabu kiko juu ya meza ya jikoni, cha maktaba ya shule, muhuri umo, ndicho hichohicho mnachokisema. Kiko wazi. Na mwanangu ni mtoto asiyeacha hata kijiko mezani, nikajua hiki hakikusahauliwa, hiki kimewekwa.

Sikukigusa. Siku ya pili kipo. Siku ya tatu nikakitia mkobani nikaenda nacho kazini, nikawa nakisoma saa ya mapumziko, wazee wamelala. Usiku nne. Kiingereza changu ni cha kazi lakini katuni ina picha, inaeleweka. Nilipofika pale kwa yule mama, wallahi nisiwafiche, nilikasirika. Hasira hasa. Mama gani anamuomba mwanawe msamaha? Kosa lake nini? Kwetu mama hata akikosea haombi radhi, anakwita uje ule, na hiyo ndo radhi yenyewe. Mamangu mie alinichapa kwa kosa la ndugu yangu nikiwa na miaka tisa, alipojua ukweli alinimegea kichwa cha samaki, na kichwa kilikuwa cha baba siku zote. Mpaka leo najua maana yake.

Basi nikakasirika usiku mzima, nabadilisha shuka za watu nakasirika, nampa mzee dawa nakasirika. Kulipokucha nikiwa ndani ya basi ndo likaniingia. Kwamba yule mama kwenye kitabu hakuwa amefanya kosa lolote, na mie nlikuwa nayo mawili matatu. Nlishawahi kusema maneno mbele ya TV. Kila mtu husema, nawe unasema, na mtoto kakaa hapo anakula, anasikia. Nikaanza kuyahesabu maneno yangu, kituo baada ya kituo. Nilipitiliza kwetu.

Nikafika nikapika. Nikamuita. Kaja, kaona kitabu kimerudi mezani, kasema mama umekisoma? Nikamwambia nimekisoma. Akasema ehe? Nikamwambia yule mbwa mzuri.

Akacheka mpaka akaweka kichwa mezani. Sijui kama alikuwa anacheka tu. Nikamtilia na nyama ya juu. Hatujasema neno la pili mpaka leo na miaka miwili imepita, na dini yangu ninayo na maswali yangu ninayo, simdanganyi mtu humu. Ila maneno ya mbele ya TV niliyaacha. Faini ya maktaba nililipa mie.

Wewe mwanangu Kiti, aliyekusomea barua paredi asipate usingizi.

---

BintiNgamiani — Jumanne, saa 2 asubuhi

Bi Mkubwa shikamoo. Niko ofisini nimejifanya kuna mdudu jichoni.

Mmeona lakini? Hakuna hata mmoja humu aliyelia kwa sababu ya busu. Kila mtu analilia mzazi. Kuna kingine cha Benjamin Alire Sáenz, Aristotle and Dante Discover the Secrets of the Universe, cha 2012, vijana wawili wa asili ya Meksiko huko El Paso mwaka 1987, na baba wa Ari ni mtu aliyepigana Vietnam akarudi amefunga mdomo, wale baba wa kukaa na redio. Kitabu kizima haongei. Halafu mwisho wazazi ndio wanamwita kikao mtoto wao na kumwambia sisi tunajua unampenda nani, acha kukimbia. Yaani mtoto hajasema! Wamemwona wao. Baba yangu mimi kafariki na ile siri alikuwa nayo au hakuwa nayo, sitajua. Kile kikao nilikisoma nimesimama.

---

Mzee_wa_Kazi — Jumanne, saa 6:30 mchana

Bi Mkubwa marahaba... samahani, shikamoo, vidole. Mimi msimamo wangu juu ya jambo hili haujabadilika. Ila nimesoma uzi wote mpaka chini. Hayo ya mbele ya TV nimeyasikia.

---

Laini_ya_Pili — Jumanne, saa 6:34 mchana

Mzee umeamkia watu marahaba bila kuamkiwa 😂😂

---

Kiti_cha_Nyuma — Jumanne, saa 3:45 usiku

Nimeshindwa kuwajibu mmoja mmoja, mnisamehe. Daftari ile ya misuli nimeiandika kwenye karatasi. Jambula Tree nimeisoma leo mchana gari ikiwa kwenye foleni ya Thika Road, barua ya mtu mzima kwa mwenzie, na hakuna mwalimu wa zamu. Sijui niseme nini zaidi ya hapo.

Yule wa sanduku nimemtafuta mtandaoni. Yuko hai, yuko mbali, ana mvi kunishinda. Sijamuandikia. Nimeangalia tu.

Halafu jioni nikapiga simu nyumbani, bila sababu. Mama akanisimulia bei ya nazi, akanisimulia ugonjwa wa jirani, akanisimulia paka. Nilikuwa namsikiliza tu. Halafu kabla ya kukata akauliza kama anavyouliza kila siku miaka yote, "Umekula?" na mie nikamkumbuka Bi Mkubwa na kile kichwa cha samaki, nikakaa kimya kidogo, akasema mbona sauti hiyo, nikamwambia mafua.

---

BintiNgamiani — Jumanne, saa 3:58 usiku

Mafua ya kitabu cha pili hayo. Cha tatu wanakwenda Paris, andaa leso.

---

Kiti_cha_Nyuma — Jumanne, saa 4:01 usiku

Leso ya Tanga ya kufutia pua au leso ya Mombasa ya kujifunga?

---

BintiNgamiani — Jumanne, saa 4:02 usiku

Kwa hali yako, ya kujifunga. Chukua jozi.